Vyombo Saba vya Dang'a

Cheti cha Pius kilining'inia sebuleni juu ya televisheni, kwenye fremu pana kuliko ya picha ya harusi. Kilisema kwamba Pius Lubango amehudhuria mafunzo ya siku tatu ya ufugaji bora wa ng'ombe wa maziwa. Hakikusema kwamba siku ya pili, baada ya wali na nyama, mhitimu alilala kitini mdomo wazi tangu saa nane mpaka watu walipoanza kupiga makofi, wala kwamba somo lililompita juu ya kichwa lilihusu ng'ombe aliyetoka kuzaa. Vyeti vina adabu zao, havisemi kila kitu.

Ng'ombe mwenyewe hakuwa wake. Mtaa mzima pale Buhongwa ulilijua hilo, ila Pius alikuwa akilizunguka kwa mbali kama mtu anavyozunguka nyumba yenye mbwa. Alikuwa wa mkewe, Paskazia, ambaye alimnunua Sengerema akiwa mtamba, enzi za kivuko, kabla ya daraja. Siku ya kumvusha, walipofika upande wa Kigongo, mtamba alilala palepale kwenye mlango wa kivuko, mabasi na malori yamepanga foleni nyuma yake, na hakuamka mpaka alipojisikia. Mabaharia walitukana, makondakta walitukana, na padri mmoja ndani ya pikapu alionekana akichezesha midomo, na haikuwa rozari. Tangu siku hiyo akaitwa Kivuko. Jina lilimkaa: mkubwa, mzito, na akisimama yeye, shughuli za watu zote zinasimama.

Sasa Kivuko alikuwa na mimba ya tatu. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha uuguzi binti yao, Gladness, na Paskazia alimtunza kuliko alivyomtunza mumewe, jambo ambalo mumewe alikuwa amelizoea. Lakini tusimwonee Pius. Tangu astaafu kazi ya bohari kwenye kiwanda cha samaki, watu walikuwa wameacha kumsikiliza. Nyumbani akianza sentensi, mtu mwingine anaimalizia. Kivuko pekee ndiye aliyemsikiliza mpaka mwisho, akicheua taratibu, na Pius alimpenda kwa hilo kwa moyo wake wote, ingawa angeulizwa angesema anampenda kwa sababu za kitaalamu.

Ijumaa, Paskazia alikwenda Sengerema kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Kabla ya kuondoka aliandika karatasi na kuibandika kwenye nguzo ya banda, kwa herufi ambazo hata kipofu angezihisi: *Baba Gladness. Akizaa, ndama anyonye kwanza. Wewe kamua kidogo tu, usimmalize. Usimpe mtu dang'a mpaka nirudi. Ukiona anayumba, mpigie Winnie saa hiyo hiyo.*

Pius aliiona karatasi. Aliutambua mwandiko wa mkewe, akakadiria yaliyomo kwa uzoefu wa miaka thelathini na moja ya ndoa, akaenda kunywa chai.

Jumamosi alfajiri Kivuko alizaa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe usoni. Kazi yote aliifanya mwenyewe. Mchango wa Pius ulikuwa kusimama mlangoni na kusema, "Haya, haya, vizuri," lakini kufikia saa moja asubuhi alishawapigia watu simu akisema, "Tumezaa salama," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwenye simu. Maana kwao Pius, ng'ombe akizaa, dang'a ni ya watu. Yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya njano kama kiini cha yai, yakichemshwa yanaganda na kukatika vipande, na tangu utotoni alijua kwamba mwenye ng'ombe aliyezaa akila dang'a peke yake, huyo ni mchawi au yuko njiani kuwa mchawi. Unampelekea jirani, jirani anakula, na chombo chako hakirudi kitupu. Ni desturi nzuri. Kosa la Pius lilikuwa kuzigawa zile lita kabla hajaziona. Aliahidi fundi cherehani Kija, akaahidi mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa kwaya, mama wa chapati na mzee wa kanisa. Akamwahidi Bi Sushila, mwenye duka la vyombo mjini, aliyekuwa amejenga juu yao, umbali wa nyumba mbili. Kwao Bi Sushila dang'a huivishwa kwa mvuke pamoja na sukari na iliki, na mama huyo alikuwa akiulizia tarehe ya Kivuko kuzaa kwa bidii kuliko alivyoulizia za wakwe zake kujifungua.

Mwisho kabisa, kwa raha ya pekee, alimpigia Malimi.

Malimi alikuwa kaka mkubwa wa Paskazia. Aliishi Usagara na ng'ombe wa kienyeji sitini ambao hawakuwahi kuona sindano wala kumwona daktari, na hakuacha kuyasema hayo hata msibani. "Hao ng'ombe wenu wa madoa, shemeji," alipenda kusema, "akipiga chafya mnaitisha kikao." Leo Pius alikuwa na jibu lake.

"Shemeji, njoo na galoni," alisema. "Uje uone maziwa."

Saa tatu akakaa kwenye kigoda chini ya Kivuko na ndoo safi ya lita kumi. Ndama alimfunga kona asisumbue. Alinawa mikono, akapaka mafuta, akavuta chuchu. Ikatoka michirizi miwili, basi. Kivuko alikuwa amebana. Alizoea mikono ya Paskazia na nyimbo zake za kwaya, na mtoto wake alikuwa akilia kona. Kwa nini aachie? Pius alijaribu kuimba. Kivuko aligeuza shingo akamtazama, kisha akageuka tena mbele kama mtu aliyeamua kutosema kitu.

Kikombe kimoja tu. Watu saba. Na Malimi yuko njiani na galoni.

Ndani ya sanduku la spana, chini kabisa, Pius alikuwa na kichupa cha dawa na bomba la sindano. Alikinunua miezi mingi nyuma kwenye duka la dawa za mifugo, kwa kunong'ona, kama mtu anayenunua dawa ya nguvu za kiume. Ilikuwa homoni ya kushusha maziwa, ileile ambayo mwili wa ng'ombe huitoa wenyewe ndama akinyonya. Winnie, daktari wa mifugo wa kata, alishamkataza mara mbili asiichezee. Mara ya pili alimkataza mbele ya mkewe, ndiyo maana ilihamia kwenye spana.

Akamchoma.

Dakika mbili hazikuisha. Kiwele kilijaa, chuchu zikasimama, na dang'a ikashuka kwa kishindo. Ndoo ya lita kumi ikajaa mpaka pomoni, Pius akakimbilia jikoni kuleta sufuria, akarudi akaendelea. Alikamua mpaka chuchu zikalegea. Alikamua mpaka tone la mwisho, akalisubiri jingine, nalo akalikamua. Lita kumi na nne! Aliinuka mgongo ukimuuma na machozi ya furaha yakimlenga, na kwa muda ule mfupi alikuwa mfugaji bora kuliko wote kando ya ziwa.

Kisha akafungua kabati la Paskazia, lile la vyombo ambavyo hata wageni wa Pasaka hawavipati, akaanza kugawa. Bakuli la maua likaenda kwa Bi Sushila. Hotpoti ikaenda kwa mwenyekiti. Kila alipojaza chombo alimwangalia ndama kona kule, akilamba ukuta, akamwambia, "Yako ipo, mama, usijali." Kila chombo kilipoondoka, hiyo yake ikapungua. Saa tano Malimi alifika kwa pikipiki, galoni yake ikajazwa lita tatu, na ndoo ikabaki na povu. Pius alilitazama povu, akasema moyoni kwamba kesho nayo ni siku.

"Lita kumi na nne," Malimi alirudia alivyoambiwa, akiipima galoni kwa mkono. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba wa sato. "Umezishushaje?"

"Mikono, shemeji. Mikono na upendo."

Walikula ugali wakaongea, na Pius alikuwa na furaha ya ajabu mpaka saa nane, Malimi aliponyoosha kidole kuelekea bandani akasema, "Huyo mama mtu amekunywa nini?"

Kivuko alikuwa akiyumba. Miguu ya nyuma ilikuwa ikienda kwake na ya mbele kwake. Alitetemeka begani, akapiga hatua moja ya mlevi, akapiga magoti, na akalala chini kwa uzito uliotikisa mabati. Pius alimwita. Alimpiga kofi la mapaja, akamsukuma kwa bega, akamwita tena. Kivuko alikunja shingo, akaweka kichwa ubavuni kama kuku anayelala, akatulia. Masikio yake, Pius alipoyashika, yalikuwa ya baridi.

Malimi hakupoteza muda. Aliingia bandani, akainamia macho ya ng'ombe, akanyoosha mgongo.

"Huyu anakwenda," alisema. "Kisu kiko wapi?"

"Kisu cha nini?"

"Shemeji, ng'ombe akifa mwenyewe hatuli. Tumwahi angali anapumua. Nimeshawaona wengi."

"Huyu ni wa Paskazia!"

"Ndiyo maana nataka abaki hata na nyama." Akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua mfuko wa kiti, na kumbe kisu alikuja nacho, maana Malimi haendi mahali bila kisu. Akatafuta jiwe, akakaa kivulini, akaanza kunoa. Hakunoa kwa ukatili, alinoa kama mtu anavyonoa penseli.

Pius alizunguka nyuma ya tangi la maji, akampigia Winnie.

Winnie alikuwa Ilemela kwenye kazi nyingine. Aliuliza haraka haraka: amezaa saa ngapi, kondo la nyuma limetoka, yuko macho. Kisha akauliza, "Amekamuliwa kiasi gani, mzee?"

Hapa Pius angeweza kujiokoa na kumwokoa ng'ombe wake kwa maneno matatu. Lakini Winnie alifundishwa darasa la nne na Paskazia. Angemwambia mkewe kabla jua halijazama. Na upande wa pili wa tangi, ile sauti ya kisu kwenye jiwe: shwa, shwa.

"Kikombe," alisema. "Kikombe kimoja tu."

"Sindano yoyote?"

"Hakuna."

"Basi sielewi," Winnie alisema. "Inaweza kuwa mishipa imeumia wakati wa kuzaa. Namalizia hapa nakuja. Msimchinje."

Alisema namalizia. Laiti angemwambia ukweli, Winnie angeacha vitu vyake chini pale pale na kupanda pikipiki. Pius hakulijua hilo. Alirudi bandani akakaa kwenye majani karibu na kichwa cha Kivuko, akaanza kumsimulia habari za kiwanda cha samaki, zile ambazo nyumbani hawataki kuzisikia tena. Kivuko hakucheua. Hapo ndipo Pius alipoogopa kweli kweli. Hakumwogopa Paskazia tena. Aliogopa banda tupu.

Winnie alifika saa kumi kasoro, binti mfupi mwenye buti za mpira na begi kubwa kuliko mgongo wake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo na wewe, mzee wa kisu."

"Marahaba," walisema wote wawili, Malimi bila kuacha kunoa.

Alipiga magoti. Alishika masikio, akafunua jicho, akaweka kipimo kifuani akasikiliza kwa muda mrefu, akatazama chini ya mkia palipokuwa pakavu. Kisha akatoa chupa ya dawa begini, akaishika mkononi bila kuifungua.

"Kila kitu hapa kinaniambia homa ya maziwa," alisema. "Ng'ombe anakuwa ametoa kalsiamu yote kwenye dang'a, damu imebaki haina, na misuli haifanyi kazi bila hiyo. Moyo nao ni msuli. Hii chupa ni kalsiamu, inaingia kwenye mshipa. Ila ikimkuta ng'ombe ambaye haikumpungukia, inaweza kusimamisha moyo nikiwa nimeshika sindano hivi. Na wewe unaniambia kikombe. Kikombe hakimwangushi ng'ombe, mzee."

"Kikombe?" alisema Malimi kivulini. Aliitazama galoni yake kando ya kigoda. Akamtazama shemeji yake. Halafu, taratibu, akaivuta galoni kwa mguu akaifunika kwa koti lake, kwa maana alihisi kwamba mazungumzo haya yanaweza kuishia kwenye kurudisha vitu.

Wakati huohuo lango liligongwa, akaingia Bi Sushila na bakuli la maua.

"Bwana Pius, nimesikia mgonjwa, nikasema nije nimwone na chombo nirudishe. Si nirudishe kitupu, sisi si watu wa hivyo. Vipande kumi na viwili, iliki nimeweka mwenyewe." Alimwonyesha Winnie. "Lita mbili amenipa, binti yangu. Nzito! Tangu mama mkwe wangu alipofariki sijaona dang'a kama hii."

"Lita mbili," alisema Winnie.

"Ni bakuli tu," alisema Pius. "Bakuli linaonekana kubwa."

Mtaa ulikuwa umeshasikia kwamba Kivuko ameanguka, na kila mtu aliona ni saa nzuri ya kurudisha chombo na kutazama. Nyuma ya Bi Sushila alikuja fundi Kija na sufuria ndogo yenye karanga. Mke wa mwenyekiti akaleta hotpoti yenye sato wawili wa kukaanga, akisema dang'a ile imemfanya mwenyekiti alale mchana kama mtoto. Mama wa chapati alileta chapati. Mwalimu wa kwaya alileta ndizi, akauliza kama aanzishe wimbo. Mzee wa kanisa alirudisha jagi la lita moja lenye asali, na akasema lilikuwa la lita moja tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kugundua kwamba wengine walipewa mbili. Walipanga vyombo kwenye ukuta wa banda, kimoja baada ya kingine. Winnie alivihesabu kwa kidole, na kila kidole kilipogusa chombo Pius alipungua urefu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Pius haikuvuka uzio.

"Kumi na moja mpaka hapa," alisema Winnie. "Mzee, nataka kumsaidia. Kuna kingine?"

Angeweza kuishia hapo. Vyombo vilikuwa vimeshamsemea, na la sindano hakuna aliyelijua chini ya jua isipokuwa yeye na spana. Malimi alikuwa amesimama na kisu chake, jirani zake sita wamesimama, na kesho habari ingekuwa kanisani. Pius alimtazama Kivuko. Jicho lilikuwa wazi, kubwa, limekauka, halikumwangalia yeye wala mtu mwingine yeyote.

"Kumi na nne," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilimkamua mpaka tone la mwisho. Alibana, nikamchoma sindano ya kushusha. Ile uliyonikataza. Ilikuwa kwenye spana. Nilitaka watu waone maziwa. Nilitaka huyu hapa aone," akamwonyesha Malimi kwa kidevu, "kwa sababu kila siku ananicheka. Winnie, mwanangu, mtibu. Mwambie Paskazia lolote unalotaka, lakini mtibu."

Malimi alikishusha kisu chake.

Winnie alishang'oa kizibo. "Maji ya vuguvugu kwenye ndoo, chupa isiingie baridi. Mzee wa kisu, weka hicho kisu, njoo ushike chupa. Chini kidogo. Ukiinua juu inaingia haraka, na ikiingia haraka umemuua wewe, si mimi."

Kwa hiyo yule aliyekuja na kisu ndiye aliyesimama robo saa nzima ameshika chupa usawa wa kitovu, akiogopa hata kumeza mate. Winnie alisikiliza moyo kwa kipimo chake, na bila kuinua kichwa akauliza, "Mwezi huu wa mwisho ulikuwa unamlisha nini?"

"Vumbi la dagaa," alisema Pius. "Na unga wa mifupa. Kopo asubuhi, kopo jioni. Nilitaka awe na akiba."

"Akiba anayo, imejaa kwenye mifupa yake. Kuna homoni ya mwili inayofungua ghala hilo siku damu ikipungukiwa. Lakini ukimlisha kalsiamu nyingi kabla hajazaa, homoni hiyo haina kazi, inalala. Akizaa, wewe unachota kwa ndoo, na mwenye ufunguo yuko usingizini. Hili linafundishwa kwenye ile semina, mzee. Siku ya pili."

Pius alikumbuka wali. Alikumbuka hata nyama ilivyokuwa.

Chupa ilipokaribia kuisha, ngozi ya Kivuko ilianza kucheza ubavuni, kama maji yakipigwa na upepo mdogo. Kichwa kikatoka ubavuni. Akapiga mbweu moja ndefu, ya heshima, iliyomfanya mwalimu wa kwaya arudi nyuma. Kisha akainua makalio, akasimama kwa miguu minne, akatafakari kidogo, na akashusha kinyesi cha tangu asubuhi juu ya viatu vya Pius. Pius hakusogea. Alikumbatia ile shingo akalia mbele ya watu wote, na safari hii hakutafuta sababu za kitaalamu.

Watu walipiga makofi. Bi Sushila alitaka kugawa vipande vyake vya iliki. Winnie alikuwa akikunja mpira wa dripu, akaangalia kona.

"Na ndama? Amenyonya?"

Makofi yalikatika. Ndama alikuwa amelala kwenye majani, amechoka kulia, ulimi nje kidogo.

"Amezaliwa alfajiri," alisema Winnie polepole. "Hana kinga yoyote mwilini isipokuwa ile iliyo kwenye dang'a, na saa zinakwisha. Mtaa mzima umekunywa, mwenyewe hajaonja. Nani ana mbichi?"

Walitazamana. Ya Bi Sushila ilikuwa vipande. Ya mwenyekiti ilikuwa usingizi. Zote zilikuwa zimeshapikwa na kuliwa, na watu wazima wenye meno yao walitazama viatu vyao.

"Kumi na nne toa kumi na moja," alisema Winnie.

Malimi alikohoa. Alikwenda kwenye kigoda, akainua koti, akarudi na galoni. Aliishika bado kidogo, kama mtu anayeaga.

"Hii nilikuwa nampelekea mke wangu," alisema. "Amenitumia ujumbe mara tatu." Kisha akachuchumaa yeye mwenyewe, akamimina kwenye chupa ya kunyonyeshea aliyoitoa Winnie begini, akaingiza kidole mdomoni mwa ndama kama alivyofanya kwa mamia ya ndama wa kwake, akapenyeza chuchu ya mpira. Ndama alivuta. Mkia ukaanza kucheza. "Wabeja," alinong'ona Malimi, asante ya Kisukuma. Kisha akasema kwa sauti bila kugeuka, "Kwangu mimi ndama hunyonya kwanza, shemeji. Sina cheti."



Jumapili mchana Paskazia alirudi. Winnie hakuwa amemwambia kitu. Hakukuwa na haja. Aliingia sebuleni akakuta vyombo vyake vya kabatini vimejipanga mezani na sato, asali, karanga na ndizi. Akaangalia, akahesabu, akatoka kwenda bandani bila kuvua kitenge cha safari. Kivuko alikuwa akila. Ndama alikuwa chini ya kiwele. Karatasi ilikuwa kwenye nguzo, palepale.

"Uliisoma?" aliuliza.

"Nimeisoma."

"Lini?"

"Leo," alisema Pius. Kisha akamwambia yote, spana na sufuria na kisu na kikombe, na hakuna aliyemmalizia sentensi. Paskazia alisikiliza akipapasa masikio ya Kivuko, lile la kulia, lile la kushoto, kuhakikisha kwamba yana joto.

"Watu wamekurudishia vyombo," alisema mwishowe, "na hakuna aliyerudisha kitupu. Kivuko alikupa ndoo imejaa pomoni. Wewe ndoo yake uliirudisha na nini?"

Ndoo ilikuwa imeinamishwa juu ya nguzo, safi, imekauka. Pius aliichukua, akachomoa mundu ukutani, akaelekea langoni, kuteremka bondeni kwenye majani mabichi yanayoota karibu na maji, mbali, kwa jua lile. Alipofika langoni mkewe alimwita. Akageuka haraka, akidhani amesamehewa.

"Baba Gladness," alisema Paskazia. "Chukua na sufuria."